Kabla hujalalamika kwamba msafara ni mdogo

Wachezaji wa gemu za nyambizi hulalamika mara kwa mara kwamba msafara, yaani kundi la meli za mizigo linalosafiri pamoja likilindwa na meli za kivita (walinzi), una meli chache mno. Ukitaka kujua kama gemu ya nyambizi imetengenezwa na watu walioisoma historia, usianze kwa kuhesabu meli. Fungua ramani, chukua rula ya gemu, upime msafara upana wake na urefu wake. Mimi ndivyo ninavyofanya kwa kila gemu mpya ya aina hii, na mara nyingi majibu huwa yanachekesha: meli ishirini zimepangwa safu mbili, zinafuatana kama siafu.

Misafara ya Atlantiki katika Vita vya Pili vya Dunia haikwenda hivyo. Ilikuwa mipana mbele na mifupi nyuma. Chukua meli 45: safu 9, kila safu meli 5. Kati ya safu na safu mita 900 hivi, kati ya meli na iliyo nyuma yake mita 500 hivi. Upana unakuwa zaidi ya kilomita 7, na urefu wake kutoka mbele hadi nyuma kilomita 2 tu. Sababu ni kwamba nyambizi hupendelea kupiga kutoka ubavuni, kwa hiyo ubavu ulifanywa mfupi. Meli za mafuta na za risasi ziliwekwa katikati, na kamanda wa msafara, yule wanayemwita komodoo, alikuwa mbele kwenye safu ya kati. Kwa hiyo ukikuta meli ya mafuta iko pembezoni kabisa inakusubiri, furahi, lakini usiite hiyo uhalisia.

Baada ya umbo, tazama mwaka. Hapa ndipo mabishano mengi ya wachezaji yanapopotea. Oktoba 1940 msafara SC 7 ulikuwa na meli 35, na kwa sehemu kubwa ya safari ulilindwa na meli moja tu ya kivita. Walinzi wengine walipofika, hawakuwa wamewahi kufanya kazi pamoja. Meli 20 zilizama. Kapteni wa Kijerumani Otto Kretschmer na nyambizi yake U-99 walishambulia usiku, juu ya maji, wakiwa ndani ya safu zenyewe. Kinyume chake, Julai 1944 uliondoka New York msafara HXS 300 wenye meli zaidi ya 160, mkubwa kuliko yote ya vita ile, na haukupoteza hata moja. Na mwanzoni mwa 1942, pwani ya mashariki ya Marekani, hakukuwa na misafara kabisa: meli zilipita moja moja huku taa za miji zikiwaka nyuma yao. Gemu inayokupa msafara wa meli 60 hapo Januari 1942 inakudanganya, hata kama inapendeza.

Nani aliwaambia Waingereza kwamba msafara mkubwa ni salama zaidi? Patrick Blackett, mwanafizikia, na wenzake waliokaa na hesabu. Ukiongeza idadi ya meli maradufu, eneo linakuwa maradufu, lakini mzingo wa kulinda unaongezeka kwa asilimia 40 hivi tu. Tena nyambizi haipati torpido zaidi kwa sababu shabaha zimeongezeka. Nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC ilibeba 14, basi. Mchezaji anayeomba meli 80 kwenye skrini anaomba mandhari, maana mawindo yake yatabaki yaleyale.

Bahari yetu nayo ilikuwa na kipimo chake. Februari 1944 msafara KR 8 ulitoka Kilindini kwenda Colombo ukiwa na meli tano tu za kubeba askari. Karibu na Maldives, tarehe 12, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga mojawapo, Khedive Ismail, ambayo ilizama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Mimi sijaona gemu inayougusa msafara ule, na kwa kweli sina hakika kama ningetaka kuucheza nikiwa upande wa darubini ya Mjapani. Ila nikisikia mtu anasema msafara wa meli tano "si halisi", huwa namtajia KR 8.

Sasa mambo ya mashine. Kila meli ina akili yake ya kukokotolewa, na kompyuta ya kawaida huanza kugandaganda msafara ukikaribia. Gemu kama Silent Hunter III ya 2005 inakuruhusu kukimbiza muda hadi mara 1024. Ukiwa mbali ni sawa, ila ukishapata taarifa ya msafara, shusha kasi hiyo ya muda mapema, la sivyo utajikuta umeuvuka bila kuuona. Nyongeza za wachezaji zinazojaza bahari meli zipo, lakini mimi huchagua zile zinazorekebisha nafasi na mwendo. Msafara wa polepole ulikwenda maili 7 za baharini kwa saa, au chini ya hapo bahari ikichafuka.

Na kama mashine inakulazimisha upunguze, punguza meli za mizigo, walinzi waache. Idadi ya walinzi haikupanda sambamba na ya mizigo: mwaka 1943 msafara wa meli 40 na wa meli 60 ungeweza kuwa na walinzi walewale saba au wanane. Ukibakiza meli za mizigo 25 na walinzi saba, utapigwa mabomu ya kina, yale yanayolipuka chini ya maji, vilevile.