Utafiti wa metali bila hadubini ya elektroni: shafti mbili za mashine ya alizeti zilinifundisha

Mkuu, umeuliza hivi: uko mwaka wa nne uhandisi mitambo hapa Dodoma, unapenda mambo ya metali na uimara wake, lakini umeambiwa bila hadubini ya elektroni utafiti huo usahau, labda upate nafasi ya kwenda nje. Walionitangulia wamekupa skolashipu za kuomba, na uombe. Mimi nina kisa cha shafti mbili.

Nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya uzamili, kichwa kimejaa. Jamaa mmoja wa Kizota mwenye mashine ya kukamulia alizeti akanipigia, shafti imekatika katikati ya msimu. Nilipofika, magunia yamepangwa mpaka barabarani, wakulima wamekaa juu yake, na kila mmoja ana neno lake kwa mwenye mashine. Nikauliza shafti ilikuwa chuma gani. Ekseli ya lori chakavu, imekerezwa na mzee wa karakana ya jirani. Ilikuwa imefanya kazi misimu miwili.

Mimi jibu nilikuwa nalo tayari: hiyo ni skrepa, lazima ni laini. Nikanunua chuma kipya chenye kaboni asilimia 0.45 nikachora mchoro. Mzee alipomaliza kukereza akapitisha kidole gumba pale shafti inapotoka unene mkubwa kwenda mdogo, akasema, "Mwalimu, hii kona mbona kali?" Nikamjibu ndivyo mchoro unavyosema. Akaninyamazia. Nikasimamia mwenyewe shafti ikipashwa moto na kuzamishwa, nikaipima ugumu, ikaishinda ile ya zamani kwa mbali. Nilijisikia profesa.

Siku ya kumi na tisa ikakatika.

Sasa hapa ndipo nataka uweke akili. Ile shafti ya kwanza ilikuwa imeegemezwa ukutani muda wote huo, na mimi sikuwahi kuigeuza niangalie uso wake uliovunjika. Nilichagua dawa kabla ya kumtazama mgonjwa. Siku hiyo nikaziweka zote mbili juani, na hapo huhitaji hata lenzi. Umeshaona bwawa la Hombolo kiangazi, maji yanavyorudi nyuma na kuacha mstari wa tope, kisha mstari mwingine, kisha mwingine? Ndivyo uso wa chuma kilichokufa kwa uchovu, yaani kwa mzigo uliorudiwa mara nyingi, unavyokuwa. Mistari inaanzia sehemu moja ndogo, inatanuka polepole, halafu mwishoni kuna kipande chenye uso wa kukwaruza, kimepasuka kwa mkupuo. Mistari ni ufa ukisogea siku baada ya siku. Kile kipande cha mwisho ndicho kilichobaki kimebeba mzigo peke yake mpaka kikashindwa.

Shafti zote mbili zilianzia kwenye kona. Tena kile kipande cha mwisho kilikuwa kidogo, hakifiki robo ya uso. Maana yake mzigo wenyewe haukuwa mkubwa; shafti ilikuwa na nguvu ya kutosha hata baada ya kuliwa robo tatu! Kwa hiyo kukimbilia chuma kigumu zaidi nilikuwa natibu ugonjwa usiokuwepo, na kibaya zaidi, chuma kikizidi ugumu hakivumilii kona kali wala mkwaruzo. Ile ya mzee ilidumu misimu miwili kwa sababu kisu chake cha kukerezea kilikuwa kimechakaa ncha, kikaacha kona ya mviringo kidogo bila yeye kuchorewa na mtu.

Jambo hili si geni. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, alihangaika na ekseli za mabehewa zilizokatika miaka ya 1850 na 1860, akaonyesha kwamba mzigo ambao chuma kinaubeba mara moja bila shida unaweza kukiua ukirudiwa mara nyingi. Piga hesabu ya mashine ile: mizunguko 60 kwa dakika ni 3,600 kwa saa. Saa kumi kwa siku ni 36,000. Siku 28 tu umepita milioni, na kila mzunguko shafti inapindwa huku na huku. Kwa chuma cha kawaida, kikomo cha kuvumilia mizunguko bila mwisho ni kama nusu ya nguvu ya kukivuta mpaka kikatike, na hiyo ni kwa sampuli iliyong'arishwa. Weka kona kali, nusu hiyo inashuka vibaya.

Shafti ya tatu tulirudi kwenye ekseli ya lori. Kona tukaipa mviringo wa milimita 5, mzee akaisugua kwa msasa kufuata urefu wa shafti ili mikwaruzo isikate njia ya mzigo. Mara ya mwisho kupita pale ilikuwa msimu wa nne, inazunguka.

Vifaa je? Upimaji wa ugumu wa Brinell ni wa tangu mwaka 1900: gololi ya milimita 10, mzigo wa kilo 3,000, unapima upana wa kishimo. Zidisha namba ya Brinell kwa 3.5 hivi unapata ile nguvu ya kukivuta chuma mpaka kikatike, kwa megapaskali, yaani 200 inakupa karibu 700. Chuma usichokijua kiguse kwenye grinda uangalie cheche: zenye mistari mirefu iliyonyooka, kaboni ni kidogo, zikipasuka kama kichaka, kaboni ni nyingi. Wazee wa karakana wanasoma cheche kuliko sisi. Ukipasha moto, sumaku inaacha kushika karibu nyuzi 770 za Selsiasi, hapo umejua joto bila kipimajoto; usidharau sumaku ya spika mbovu. Msasa wa 240 mpaka 1200, asidi kidogo ya nitriki kwenye spiriti, hadubini ya kawaida ya mwanga, na utaona feriti nyeupe (chuma karibu kitupu) na peliti nyeusi (sehemu yenye kaboni).

(Wenye mashine wengi watakuambia tatizo lao si kukatika, ni skrubu inayokamua alizeti kulika. Kabla hujawauzia chuma cha ajabu, chota alizeti gunia lolote uipepete. Imeanikwa chini, imejaa mchanga, na mchanga wa kwatzi ni mgumu kuliko chuma cha kawaida mara kadhaa. Chekeche na turubai vitashinda kuichomelea skrubu kila ikilika.)

Hadubini ya elektroni ina kazi yake, sikudanganyi. Niliihitaji mara moja tu. Nikapeleka kipande Dar kwa basi, nikalipia kwa saa, nikaletewa picha nzuri sana za kutu. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya kusafiri nilivibandika vipande viwili pamoja kumwonyesha mwenye mashine jinsi vilivyokuwa vinakutana, vikasagana, kisha kijana akavisuuza kwa maji. Ushahidi wote ukafutika kabla mashine ya mamilioni haijawashwa.

Kwa hiyo Jumamosi pita karakana tatu, omba kitu kilichovunjika, watakupa bure. Usivibandike vipande, usiguse uso kwa kidole, usivioshe kwa maji. Vifunge vikavu kwenye nailoni, andika tarehe, mashine, ilifanya kazi muda gani, na aliyekereza alisema nini. Piga picha mwanga ukitokea ubavuni. Ukikwama kuisoma, iweke hapa hapa kwenye uzi huu.