MT-07 au Ténéré 700: injini moja, barabara mbili

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Dodoma alinipigia simu. Pesa anayo, na pikipiki mbili za mkononi ziko mbele yake kwa muuzaji: Yamaha MT-07 na Yamaha Ténéré 700. "Kaka, nichukue ipi?" Nilimwomba anipe siku mbili. Zote mbili nimewahi kuzimiliki, moja baada ya nyingine, na ya kwanza niliinunua bila kufikiri vya kutosha. Sikutaka na yeye anunue hivyo.

Kwanza jambo ambalo wengi hawalijui: injini ni ileile. Silinda mbili, cc 689, nguvu za farasi 73 hivi. MT-07 ilitoka nayo mwaka 2014, Ténéré 700 ikaja kuuzwa 2019. Zote zinavuta tangu chini, na unaweza kuzubaa kwenye gia ya nne ukapita kijiji kizima bila kubadilisha. Ukisikia mtu anasema Ténéré "ina nguvu zaidi", anachokihisi ni sproketi, yale magurudumu ya meno yanayozungusha mnyororo. MT-07 ina meno 16 mbele na 43 nyuma, Ténéré ina 15 na 46. Kwa hiyo Ténéré inaondoka kwa haraka pale chini, lakini ukikaa kwenye spidi 110 injini yake inazunguka zaidi na unaisikia kwenye vidole.

Tofauti yenyewe iko chini ya injini. MT-07 ina magurudumu ya inchi 17 mbele na nyuma, rimu zisizo na spoku, tairi la nyuma lenye upana wa milimita 180, na tumbo lililo milimita 140 tu kutoka ardhini. Shokapu zake zinacheza milimita 130. Ténéré ina gurudumu la inchi 21 mbele na 18 nyuma, spoku na tyubu, tumbo liko milimita 240 juu, na shokapu ya mbele inacheza milimita 210. Mimi tarakimu hizi nilizisoma kabla ya kununua, nikazipita kama ninavyopita tangazo. Zilikuja kuniingia akilini nikiwa Lupiro, njiani kwenda kwa mama yangu.

Nikueleze ninakoendeshea. Ninaishi Morogoro. Kazi inanipeleka Dar na Iringa, lami mwanzo mwisho. Mama yangu yuko Mahenge. Ukitoka Mikumi unashuka Kidatu, unafika Ifakara, unavuka mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, kisha unaanza kilomita kama 70 za udongo kupitia Lupiro hadi kupanda milima ya Mahenge. Kwa mwaka ninakwenda huko mara tano, sita. Zilizobaki zote ni lami.

Kwa hesabu hiyo nilichukua MT-07, na kwa miezi mingi sikujuta hata siku moja. Kwenye lami pikipiki ile ni raha tupu. Uzito wake ukiwa na mafuta ni kilo 182 hivi, kiti kiko chini, miguu yangu yote miwili inafika, na mimi ni mtu wa sentimita 168 tu. Kupanda Kitonga asubuhi kabla malori hayajajazana, unailaza kona moja, unaiinua, unailaza nyingine, na haikupingi. Breki za mbele ukizigusa inatulia palepale. Foleni ya Kimara na Ubungo inapita kama baiskeli.

Shida yake kwenye lami ni upepo tu. Haina kioo mbele. Ukishamaliza Hifadhi ya Mikumi, ambako mwendo ni wa pole kwa lazima maana barabara inapita katikati ya wanyama kwa kilomita 50, unaingia Bonde la Mibuyu na upepo wa bonde unakupiga kifuani. Basi likija mbele yako kwa kasi linakusukuma kama mtu aliyekupiga kikumbo. Nilikuwa nikifika Iringa na shingo imekaza. Nilifunga kioo kidogo, kikasaidia kiasi.

Halafu ikaja masika, na mama akaumwa. Nilifunga safari bila kufikiria barabara. Mpaka Ifakara, safi. Baada ya daraja, malori yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu na kuacha tuta la udongo katikati. Kwenye MT-07 ekzosi imelala chini kabisa ya injini, ndicho kitu cha kwanza kukutana na ardhi. Nikawa nalisikia lile tuta likikwaruza bati, na nikijaribu kutoka kwenye mfereji tairi pana la nyuma linateleza kama sabuni. Karibu na Lupiro gurudumu la mbele likagoma kuzunguka. Tope lilikuwa limejaa kati ya tairi na madigadi, limeshikana na majani, gumu kama tofali. Vijana wawili wa bodaboda waliovaa gambuti walisimama, mmoja akakata kijiti, akapiga magoti kwenye tope na kuanza kulichokonoa kipande kwa kipande. Mwenzake aliitazama pikipiki kwa upole akaniambia, "Bosi, hii siyo ya huku." Walinisaidia kuisukuma hadi penye nyumba, nikaiacha hapo, nikamalizia safari nimepakizwa kwenye bodaboda yao, Boxer. Mama nilimkuta anaendelea vizuri, Mungu ashukuriwe. Lakini usiku ule sikulala. Nilijiuliza, na kama angekuwa amezidiwa?

Miezi minne baadaye niliuza MT-07 na kununua Ténéré kwa mtu aliyekuwa anahama nchi.

Barabara ileile ilikuwa kama nyingine. Gurudumu la inchi 21 linapanda juu ya shimo badala ya kutumbukia ndani yake. Unasimama kwenye vikanyagio, unabana tanki kwa magoti, unaiachia usukani ucheze kidogo, nayo inajitafutia njia. Zile sehemu za udongo zenye mawimbi kama bati la paa, ambazo MT-07 ilikuwa inanitikisa meno, Ténéré inazipita vizuri ukikaza mwendo wa wastani. Kuna kitufe cha kuzima ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukishika breki, na kwenye mteremko wa changarawe utakihitaji, kwa sababu ABS ikifanya kazi pale pikipiki inaendelea tu kuteremka huku breki zinagugumia. Ukirudi kwenye lami uiwashe. Filta ya hewa iko chini ya kiti, unaitoa dakika chache, na kwa vumbi la kiangazi la Ulanga, wilaya iliko Mahenge, hilo si jambo dogo.

Ila Ténéré ina gharama yake, na wanaoisifia hawaisemi. Kiti kiko milimita 875 kutoka chini. Mimi nafika kwa ncha za vidole, tena mguu mmoja. Uzito ni kilo 205 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo iko juu. Siku moja nilitoka kwa mama na kilo 40 za mchele nyuma, nikaingia kituo cha mafuta chenye mteremko. Nilisimama, nikateremsha mguu wa kushoto, na ardhi haikuwepo pale nilipoitarajia. Ikaanza kulala polepole, na nilijua tangu mwanzo kwamba siwezi kuizuia. Mkono wa klachi ulikatika nusu, goti likavimba wiki nzima. Sikuwa mwendoni, nilikuwa nimesimama. Pikipiki ndefu nyingi huangushwa hivyo. Nimeshusha kiti, na nimejifunza kusogeza kiuno upande mmoja kabla ya kusimama, lakini kwenye foleni ya Dar bado naitamani ile fupi.

Kwenye lami pia inainama mbele ukishika breki kwa nguvu, na kona za Kitonga unazichukua kwa heshima zaidi. Inafika, na kioo chake kinakukinga, ila ile furaha ya kulaza na kuinua haipo kwa kiwango kilekile.

Pancha nazo zina mambo yake. MT-07 haina tyubu, ukichomwa msumari unaziba kwa kamba ya mpira bila kutoa gurudumu, unajaza upepo, unaondoka. Ubaya ni tairi likichanika: la upana ule hulipati Ifakara, unasubiri litumwe kwa basi kutoka Dar. Ténéré lazima gurudumu litoke, lakini fundi yeyote wa pancha kijiweni anaijua kazi ya tyubu, na tyubu ya inchi 21 nimeipata Ifakara bila shida kwa sababu Honda XL na Yamaha DT zinazotumia saizi hiyo zimezunguka wilayani miaka mingi.

Siku ya pili nilimpigia yule kijana. Sikumuuliza anapenda ipi. Nilimuuliza kuna barabara gani ambayo ni lazima apite, hata kama ni mara moja kwa mwaka, na ikimkwamisha kuna mtu atakayeumia. Hilo swali ndilo lililonifanya mimi nibaki na Ténéré ingawa karibu safari zangu zote ni za lami. Akafikiri, akasema hana. Kazini ni Dodoma mjini, wazazi wako Singida mjini, mchumba Manyoni. Lami yote. Nikamuuliza urefu wake, akasema yuko kama mimi. Nikamwambia aende kwa muuzaji aipakie Ténéré mzigo wa kweli, asimame nayo mahali penye mwinuko, si kwenye sakafu ya duka. Alirudi akaniambia alishindwa kuitoa stendi.

"Basi chukua MT-07," nikamwambia, "na pesa itakayobaki nunua helmeti nzuri, buti na kioo cha upepo." Lakini kabla ya kulipa nilimtaka alale chini kabisa, aitazame ekzosi na tumbo la injini, kwa sababu pikipiki ile ikishapelekwa kwenye barabara zisizo zake, alama zinabaki pale chini na rangi mpya ya juu haizifuti. Alinitumia picha tatu. Bati lilikuwa limenyooka, lina vumbi la kawaida, hakuna mkwaruzo wala mahali palipobonyea. Nikamwambia alipe, na asiondoke bila kadi, umiliki ubadilishwe TRA, mamlaka ya mapato, yeye na muuzaji wakiwepo wote wawili.

Jana alipiga simu akiwa Manyoni. Alitaka kujua upepo wa matairi aweke kiasi gani akimbeba mtu nyuma.