Namba za watu si zangu kuzigawa

Januari mwaka jana nilikopa kwenye programu ya simu. Niliomba shilingi 80,000, zikaingia 56,000; zilizobaki waliziita "makato". Siku saba, urudishe zote. Ada ya mtoto ilikuwa imenikaba, sikusoma kitu, nikabonyeza "Ruhusu" mara nne mfululizo.

Siku ya nane asubuhi mama mkwe akanipigia. "Mwanangu, kuna watu wanasema mimi ndiye mdhamini wako. Nimekudhamini lini?" Meseji ile ile ilikuwa imeshafika kwa mwalimu wa mtoto, kwa mweka hazina wa kikoba chetu, hadi kwa fundi bomba niliyemwita mara moja tu mwaka 2019. Jina langu, picha yangu, na neno TAPELI kwa herufi kubwa.

Deni nililipa. Lakini kuaibishwa hakukuwa sehemu ya mkopo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Tena tangu 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: anayechukua taarifa zako akueleze anazitakia nini, na una haki ya kudai azirekebishe au azifute. Akikaidi, mshtaki kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na hata yule fundi ana haki hiyo hiyo. Yeye hakukopa, wala hakuulizwa. Namba yake niliitoa mimi, nilipobonyeza "Ruhusu".

Kwa hiyo programu ya mkopo ikitaka kuona namba au picha zako, kataa. Ikigoma kufunguka, achana nayo. Kabla hata ya kufika huko, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 benki hiyo ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Na ukishanaswa, kuiondoa programu kwenye simu hakurudishi namba zilizokwisha kuchukuliwa.

Meseji za matusi usizifute. Mimi nilizifuta zote kwa hasira, halafu nikaambiwa nilete ushahidi. Zipige picha, namba ya mtumaji na tarehe vionekane, waombe na jamaa waliotumiwa wakutunzie zao. Zangu zilizopona ni mbili tu, zote kwenye simu ya mama mkwe. Hajui kufuta meseji.