Barua kwa mwanangu: Baba wa nani?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mtu anaweza kuitwa Mkristo huku akishindwa kukubali kwamba Kristo hana mwanzo. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara ni swali lako la zamani lililonijia.

Ulikuwa na miaka tisa, umeinamia daftari ukinakili Kanuni ya Imani ya Nikea. Ulipofika kwenye maneno "aliyezaliwa bila kuumbwa" uliweka penseli chini ukaniuliza: "Baba, kabla Mwana hajazaliwa, Mungu alikuwa Baba wa nani?" Nikakuamuru uandike, uache ubishi. Uliandika, ukikandamiza penseli hata ncha ikakatika. Mama yako alinitazama, asiseme neno.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba ulikuwa umeigusa hoja ya Atanasi wa Aleksandria, askofu aliyepelekwa uhamishoni mara tano. Ario, padre wa mji huohuo, alifundisha kwamba palikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako, na Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, ukamkataa mwaka 325. Atanasi alishikilia kwamba, kama ni hivyo, basi Mungu naye hakuwa Baba sikuzote, bali aligeuka kuwa Baba. Ndiyo maana nasema, kama ulivyonisikia hadi ukachoka: jina la Baba halisimami bila Mwana.

Hata hivyo, najikwaa. Mimi sikuwa baba kabla dada yako hajazaliwa. Lakini mimi naishi ndani ya wakati, na Mungu hana jana. Hapo lugha inanitupa mkono, kwa maana hata tukisema "tangu milele", lile "tangu" linataka mahali pa kuanzia. Labda ndiyo sababu Yesu hakusema kwamba alikuwako kabla ya Ibrahimu, bali alisema, "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko." Kuhusu maneno yake mengine, "Baba ni mkuu kuliko mimi", nayajua maelezo, kwamba hapo anasema kama mwanadamu, nami nayakubali, ingawa si kwa wepesi ninaouonyesha kanisani.

Swali lako lenyewe ninalo jibu lake, na ulimi unaniwasha. Lakini mara ile nilipokukatiza, ulikuwa umeniuliza jambo ambalo maaskofu waliligombania kwa zaidi ya miaka hamsini, hadi Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381. Niandikie kwanza: safari hii umeweka penseli chini kwenye neno lipi?

Baba yako