Wana-kondoo kudumaa kiangazi: anza na mama
Ndugu, umesema wana-kondoo wako hapo Gilgil wana miezi miwili, nyasi ipo tele ila imekauka, na mbavu zinahesabika. Nyasi ya Februari inajaza tumbo tu. Protini imeshapungua, na tumbo la mtoto wa umri huo halijakomaa kusaga makapi. Anayemlisha hasa ni mama, kwa hiyo mwongeze mama jioni: mashudu ya alizeti kidogo, au majani ya viazi vitamu yaliyonyauka. Maganda ya migunga yanayoanguka huko kwenu usiwaachie mbuzi wa jirani, yaokote, yaponde.

Halafu tengeneza kiboma chenye mwanya ambao mtoto anapita na mama anakwama. Humo weka pumba za ngano zilizochanganywa na mashudu, kidogo kidogo, na maji safi. Wengi husahau maji, sijui kwa nini. Chumvi ya madini iwe ya kondoo. Ya ng'ombe huwa na shaba nyingi, na kondoo hudhurika nayo.

Ukifunua kope ukakuta weupe badala ya wekundu, shuku minyoo kwanza. Na usiwaachishe kunyonya kabla ya miezi mitatu.