Nilale masaa manne tu ili duka likue?

Ndugu yangu, umeuliza kama ulale masaa manne tu, ukimwiga Elon Musk, tajiri wa magari ya Tesla, ili duka lako la Kikuubo, pale Kampala, likue. Usifanye hivyo kabisa! Musk mwenyewe 2018 aliwaambia gazeti la New York Times kuna wiki anapiga kazi masaa 120 na mara nyingi bila dawa usingizi hauji. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) nao 2021 walisema ukifanya kazi masaa 55 kwa wiki kwenda juu, hatari ya kiharusi inapanda asilimia 35 kuliko anayefanya 35 mpaka 40. Na usiku macho yakiwa mazito unamrudishia mteja noti ya elfu kumi badala ya elfu moja, faida ya boksi zima la sabuni ishaenda. Tafuta kijana mwaminifu, mfundishe kuandika mauzo kwenye daftari, funga duka saa moja jioni.