Fanny Hensel: anza na Das Jahr

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kumsikiliza Fanny Hensel, mtunzi wa muziki Mjerumani wa karne ya 19, dada yake mtunzi mashuhuri Felix Mendelssohn. Anza na Das Jahr, yaani Mwaka, kazi aliyoitunga 1841 baada ya safari yake ya Italia: vipande 12 vya piano, kila mwezi na chake, na kimoja cha kufungia. Sikiliza Machi kwanza. Katikati ya giza unaingia taratibu wimbo wa kanisani wa Pasaka, kisha unapanda mpaka piano nzima inalia kama kengele. Mimi hapo huacha kila kitu. Nakala safi aliiandika kwenye karatasi za rangi, mumewe Wilhelm akazichorea picha. Inaniuma kwamba haikuchapishwa hadi 1989. Baba yake alishamwandikia akiwa binti mdogo kwamba muziki kwake uwe pambo tu.